Mtutu wa Inchi Nane, Mfuko wa Inchi Mbili: Historia ya Revolva za Magnum

Farasi na koti, 1847–1881

Bastola 1,000 ambazo Samuel Colt aliliuzia jeshi la Marekani mwaka 1847 zilikuwa na uzito wa karibu kilo 2 kila moja, na mtutu wa inchi 9, yaani sentimita 23 hivi. Kwa kawaida hazikuvaliwa kiunoni. Zilikaa kwenye ala zilizofungwa mbele ya tandiko, na aliyebeba mzigo alikuwa farasi. Kapteni Samuel Walker, aliyewahi kupigana na kikosi cha Texas Rangers, ndiye aliyemsukuma Colt aziunde kubwa kiasi hicho. Aliuawa vitani Mexico mwezi Oktoba mwaka huohuo, na bastola zikabaki na jina lake.

Baada ya miaka miwili Colt alitoa revolva ndogo ya mfukoni, yenye tundu jembamba na mtutu wa inchi 3 hadi 6. Jeshi halikuwa na haja nayo. Waliokuwa na haja nayo ni wachimba dhahabu wa California, wafanyabiashara, wacheza kamari na wasafiri wa meli za mtoni. Walker zote, za jeshi na za raia, zilikuwa 1,100. Zile za mfukoni zilipita 300,000 kabla kiwanda hakijaacha kuzitengeneza. Tangu hapo mtengenezaji wa revolva alijua kwamba bastola kubwa humletea sifa na ndogo humletea pesa.

Sheria nayo ilikuwa imeshaanza kuiangalia silaha ya kificho kwa jicho baya. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku kubeba silaha iliyofichwa mapema mwaka 1813. Hoja ya zama zile ilihusu zaidi heshima ya mtu: muungwana huvaa silaha yake ikaonekana, na anayeificha ana lake jambo. Matukio hayakuisaidia bastola ndogo kusafisha jina. Rais Abraham Lincoln alipouawa Aprili 1865, muuaji alitumia bastola ya Deringer ya risasi moja, inayoenea kiganjani. James Garfield alipopigwa risasi Julai 1881 katika stesheni ya reli jijini Washington, silaha ilikuwa revolva ya aina ya Bulldog, yenye mtutu mfupi na kichwa kinene cha risasi, muundo uliotokana na Webley wa Birmingham, Uingereza. Wauaji wote wawili walimkaribia mtu wao kabisa. Kwa umbali huo hakuna aliyehitaji kuuliza risasi ilikwenda kasi gani, wala mtutu ulikuwa wa inchi ngapi.

Nafasi tupu ndani ya ganda, 1884–1930

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi. Iliizidi ile nyeusi kwa nguvu mara kadhaa kwa uzito uleule. Lililokuja kuwa na maana kubwa zaidi katika habari yetu ni kwamba kasi yake ya kuungua ingeweza kupangwa kiwandani. Fundi akitaka baruti inayomalizika mara moja, aliipata. Akitaka inayosukuma taratibu kwa muda mrefu zaidi, aliipata pia.

Smith & Wesson walipotoa risasi ya .38 Special mwishoni mwa karne ya 19, ganda lake lilikuwa limepimwa kwa baruti nyeusi, kama gramu 1.4. Muda si mrefu likawa linajazwa baruti mpya, ambayo kwa kazi ileile ilihitaji kama robo ya uzito ule. Sehemu kubwa ya ganda ikabaki tupu, na kwa miaka 30 hivi nafasi ile haikumkera mtu. Kichwa cha gramu 10 kilitoka kwa mita 230 kwa sekunde au zaidi kidogo, na polisi wa miji mingi wakaridhika.

Wakati huohuo mitutu ilikuwa ikikatwa. Ndani ya Colt alikuwepo J. H. FitzGerald, mlenga shabaha hodari na fundi wa kurekebisha bastola, ambaye katika miaka ya 1920 alichukua revolva za kampuni na kuzifanyia kazi kwa msumeno na tupa. Mtutu ulibaki inchi 2. Mpini ulifupishwa. Kipembe cha nyundo kiliondolewa kisinase kwenye nguo, na sehemu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio ikakatwa kabisa ili kidole kiingie bila kutafuta njia. (Hilo la mwisho ningemwachia yeye mwenyewe, bastola isiyo na kikingio ndani ya mfuko wa suruali inataka moyo.) Mwaka 1927 Colt ikaleta sokoni Detective Special, risasi 6 za .38 na mtutu wa inchi 2, kikingio kikiwa kizima. Makachero waliipokea. Risasi yenyewe ilikuwa ya upole, hivyo kufupisha mtutu hakukuinyang'anya mengi, wala hakukumuumiza mpigaji mkono. Kama mambo yangeishia hapo, mjadala wote uliofuata kuhusu inchi za mtutu usingekuwa na maana.

Milango ya magari, 1929–1935

Lililovuruga utulivu huo ni gari. Kufikia miaka ya 1930 wezi wa benki wa Marekani walikuwa na magari yenye injini kubwa kuliko za polisi, bodi za chuma, na baadhi yao walivaa fulana za kuzuia risasi. Kichwa cha .38 kilipiga mlango wa gari kikabonyea. Tarehe 17 Juni 1933, nje ya stesheni ya Union Station mjini Kansas City, maofisa wanne na mfungwa waliyekuwa wakimsindikiza waliuawa kwa risasi. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani liliwapa makachero wa shirikisho mamlaka ya kubeba silaha.

Colt ilikuwa imeshatangulia mwaka 1929 kwa risasi ya .38 Super ya bastola ya magazini. Smith & Wesson walijibu mwaka 1930 kwa .38/44: ganda lilelile la .38 Special, lakini ile nafasi tupu ikajazwa baruti, na revolva ikajengwa kwenye fremu kubwa iliyokuwa ya risasi za .44. Ilifanya kazi. Tatizo lake lilikuwa la usalama. Risasi hiyo kali iliingia bila kipingamizi kwenye revolva yoyote ya zamani ya .38, hata ile nyembamba ya babu iliyokaa droo ya jikoni.

Hapo wakaingia watu watatu wasiofanana. Elmer Keith alikuwa mfugaji wa magharibi aliyeandika kwenye majarida ya silaha, na aliyemimina mwenyewe vichwa vizito vya risasi na kuvisukuma kwa baruti ya Hercules iitwayo 2400, inayoungua polepole. Philip Sharpe alikuwa mwandishi wa mambo ya risasi, mwenye kupima na kurekodi kila kitu. Douglas Wesson alikuwa mjukuu wa mwasisi wa kampuni, na alipenda uwindaji. Sharpe alimshawishi Wesson, Winchester wakaunda risasi, na mwaka 1935 ikatoka .357 Magnum. Kipenyo cha kichwa kilikuwa kilekile cha .38. Ganda lilirefushwa kwa milimita 3.4 tu, na sababu kuu ilikuwa kuizuia isiingie kwenye revolva dhaifu.

Tangazo lilisema kichwa cha gramu 10 kilitoka kwa zaidi ya mita 460 kwa sekunde, karibu mara mbili ya .38 ya kawaida. Wasomaji walishangaa, na walikuwa na haki. Lililohitaji kusomwa mara mbili ni urefu wa mtutu uliotumika: inchi 8¾.

Urefu huo haukuwa pambo. Risasi inapofyatuliwa, gesi ya baruti hukisukuma kichwa kwa muda wote kinapokuwa ndani ya mtutu. Kikishatoka mdomoni, msukumo umekwisha. Baruti ya haraka hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mwanzoni, kwa hiyo inchi za mwisho huongeza kidogo. Baruti ya polepole kama 2400 bado ina shinikizo kubwa kichwa kinapofika inchi ya tatu, ya nne, ya tano, na kila inchi huongeza kitu. Ukiukata mtutu katika inchi ya pili, shinikizo lile haliendi popote zaidi ya hewani: linatoka kama mwali wa moto na mshindo wa kuziba masikio. Baruti imelipiwa na mkono umepigwa teke, lakini kasi iliyotarajiwa haikupatikana.

Bei ilikuwa dola 60, katikati ya mdororo wa uchumi, na bado wateja walipanga foleni. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover wa FBI. Kila revolva iliundwa kwa oda na kusajiliwa kwa jina la mnunuzi, ambaye alichagua urefu wa mtutu kuanzia inchi 3½ hadi 8¾, kwa kuongeza robo inchi. George Patton, wakati huo akiwa bado si jenerali, aliagiza yake ikiwa na mpini wa pembe za ndovu na mtutu wa inchi 3½. Maofisa wengine wa usalama nao walipenda ule mfupi kuliko yote. Kwa hiyo magnum ilikuwa haijatimiza hata mwaka na wanunuzi walikuwa wameshaanza kuufupisha mtutu uliobeba sifa zake, huku wakinukuu kasi ya mtutu ambao hawakuununua.

Mlinzi wa mpaka, 1955

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha uzalishaji. Revolva ile ya 1935 ilikuwa pia na kasoro ya dhahiri: ilizidi kilo 1 kwa uzito, na askari wa doria aliibeba kiunoni kwa muda wa saa nane kila siku akaitumia mara moja kwa miaka kadhaa, au asiitumie kabisa.

Bill Jordan wa kikosi cha kulinda mpaka cha Marekani ndiye aliyeielezea Smith & Wesson haja yake kwa namna iliyoeleweka. Alitaka fremu ya wastani, ile ya .38 za polisi, mtutu mzito wa inchi 4, na uwezo wa kupiga .357. Vyuma vya baada ya vita vilikuwa bora kuliko vya 1935, na Novemba 1955 Combat Magnum ikatoka, baadaye ikaitwa Modeli 19. Mwaka huohuo Colt walitoa Python, iliyosuguliwa kwa ufundi ambao mafundi bado wanausifu. Mwisho wa mwaka huo Keith naye akapata ndoto yake nyingine, .44 Magnum, ambayo filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971 iliifanya ijulikane hata na watu wasiojua silinda ni nini. Hiyo ya .44 haituhusu sana hapa. Ilikuwa bastola ya msituni.

Jordan alikuwa muwazi kuhusu Modeli 19: beba magnum, fanya mazoezi mengi kwa .38. Fremu ile haikukusudiwa kula risasi kali kila wiki. Chini ya koo la mtutu, mahali kichwa kinapoingia kikitoka kwenye silinda, chuma kilichongwa bapa ili kupisha mkono wa silinda, na hapo ndipo kilipokuwa chembamba kuliko kwingine. Ushauri wake ulikuwa wa busara kwa fundi, lakini kwa askari ulikuja kuwa na madhara.

Newhall, vipimo vipya, na inchi ya tatu, 1970–1986

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, maofisa wanne wa polisi wa barabara kuu wa California waliuawa na watu wawili huko Newhall, katika mapambano ya dakika chache. Uchunguzi ulionyesha kwamba askari walikuwa wamezoezwa kwa risasi laini za .38, ilhali baadhi yao walibeba .357. Mshindo, mwali na teke vilikuwa kitu kigeni kwao usiku ule. Idara nyingi zikaanza kudai kwamba askari afanyie mazoezi risasi anazobeba. Zilipofanya hivyo, na hasa kwa vichwa vyepesi vya gramu 8 vyenye kasi kubwa, makoo ya mitutu ya Modeli 19 yakaanza kupasuka. Smith & Wesson wakalazimika kuleta fremu kubwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Revolva iliyokuwa imepunguzwa uzito kwa ajili ya mbebaji ikaongezwa uzito kwa ajili ya mpigaji.

Katika miaka hiyohiyo viwanda vya risasi vilibadilisha namna ya kupima. Zamani kasi ya .357 ilipimwa kwa mtutu wa inchi 8⅜ usio na mwanya wowote. Revolva halisi ina mwanya kati ya silinda na mtutu, sehemu ya kumi ya milimita hadi robo milimita hivi, na gesi hupenya hapo kila risasi inapofyatuliwa. Ukiiweka karatasi kando ya mwanya huo ukafyatua, itachanika. Kipimo kipya kilitumia mtutu wa inchi 4 wenye mwanya. Kichwa cha gramu 10 kilichoandikwa mita 430 kwa sekunde kikaandikwa 376. Kwenye risasi hakukuwa na kilichobadilika. Binafsi naona ukurasa huo wa katalogi ni muhimu kuliko matangazo yote ya nusu karne iliyotangulia, kwa kuwa ndio ulioanza kumwambia mteja kuhusu bastola iliyopo mkononi mwake.

FBI walikuwa wameshafikia uamuzi wao kimyakimya. Tangu mwaka 1972 walitumia risasi ya .38 Special yenye kichwa kizito cha madini ya risasi tupu, kilichotobolewa mbele, na iliyojazwa nguvu kidogo juu ya kawaida. Katika miaka ya 1980 makachero wao walipewa Modeli 13, revolva ya .357 yenye mtutu wa inchi 3, na wengi waliijaza zile .38. Inchi 3 si namba ya kubahatisha. Chini ya mtutu wa revolva kuna kijiti cha kusukumia maganda yaliyotumika. Mtutu ukiwa wa inchi 2, kijiti hakina pa kurefuka, na ganda refu la magnum hutoka nusu likanasa. Mtu anabaki kuyachomoa kwa kucha huku mikono ikitetemeka. Kwa inchi 3 kijiti hupata urefu wake kamili, na koti bado linafunika.

Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, makachero wa FBI walipambana na majambazi wawili waliokuwa na silaha nzito kuliko zao. Makachero wawili walikufa. Edmundo Mireles, mkono mmoja ukiwa umevunjwa na risasi, ndiye aliyemaliza pambano, kwa revolva ya .357 iliyojazwa .38. FBI hata hivyo walielekea kwenye bastola za magazini, na idara za polisi nchi nzima zikafuata. Revolva ikapoteza mteja wake mkuu.

Raia wenye vibali, 1987–2001

Mteja mwingine alikuwa njiani. Mwaka 1987 Florida ilipitisha sheria iliyomlazimu ofisa kutoa kibali cha kubeba silaha kwa kificho kwa kila raia anayetimiza masharti, bila kumwachia ofisa huyo nafasi ya kuchagua. Majimbo mengine yakaiga moja baada ya jingine. Mwaka 1994 sheria ya shirikisho ikazuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10, na watu wakajiuliza kwa nini wabebe bastola kubwa iliyopunguziwa chakula.

Viwanda vilielewa. Ruger walileta SP101, ya risasi 5, nene na nzito kwa umbo lake. Za mwanzo za .357 zilichorwa kwenye mtutu onyo la kutumia vichwa vya gramu 8 tu, kwa sababu silinda ilikuwa fupi mno kwa vizito zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 Smith & Wesson wakairefusha kidogo fremu yao ndogo kuliko zote ili nayo iweze kupiga .357. Kisha ikaja mashindano ya uzito. Aluminiamu iliyochanganywa na skandiamu, aloi ambayo Wasovieti walikuwa wameshaitumia kwenye ndege za kivita, iliwezesha kutengeneza mwaka 2001 Modeli 340 PD: .357 Magnum, risasi 5, mtutu usiofika inchi 2, gramu 340 hivi ikiwa tupu. Ile ya Patton ilikuwa na uzito zaidi ya mara tatu.

Aliyewahi kuifyatua kwa risasi kali hahitaji kuelezwa. Teke lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba risasi zilizobaki ndani ya silinda zilivuta vichwa vyao mbele kutoka kwenye maganda, mpaka kimoja kikajitokeza na silinda ikakataa kuzunguka. Tena bastola yenyewe ilichorwa onyo: usitumie vichwa vyepesi chini ya gramu 7.8. Na mapato? Kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa mita 440 kwenye mtutu wa inchi 4 hushuka hadi mita 350 au 380 kwenye inchi 2, kutegemea risasi. Bado kinaishinda .38 ya mtutu huohuo, tusiionee magnum. Lakini risasi ya pili huchelewa, maana mkono lazima kwanza uirudishe bastola kwenye shabaha, na gizani macho hayaoni kitu kwa sababu ya mwali.

Magnum inayopunguzwa makusudi

Kampuni ya Speer ilikuwa imetengeneza kwa ajili ya revolva fupi risasi ya .38 yenye kichwa cha gramu 8.7, kilichoundwa kufunguka hata kwa kasi ndogo. Baadaye ikatoa .357 ya jinsi hiyohiyo kwa mtutu wa inchi 2. Kasi yake ni karibu mita 300 kwa sekunde. Wahandisi hawakushindwa kuiongeza. Waliiacha hapo kwa hiari, baada ya kukubali kwamba bastola ya mfukoni haina inchi za kuitumia baruti ya Keith. Nishati yake mdomoni haifiki nusu ya ile iliyotangazwa mwaka 1935.

Ruger walitoa LCR ya .357 mwaka 2010, na wamiliki wengi wa bastola za namna hii huzijaza .38, kama makachero wa FBI walivyofanya. Mwaka 2018 SIG wakaleta P365, bastola bapa ya milimita 9 inayobeba risasi 10 kwenye magazini. Mtutu wake ni wa inchi 3.1, lakini kwenye bastola za magazini chumba cha risasi huhesabiwa ndani ya mtutu, ilhali kwenye revolva kipimo huanzia mbele ya silinda. Kwa hiyo mbele ya kichwa cha risasi kuna njia inayokaribiana na ya revolva ya inchi 2, isipokuwa hapa hakuna mwanya wa kuvujisha gesi. Wanunuzi wengi walihesabu risasi 10 dhidi ya 5, wakahama.

Waliobaki na revolva wamerudi taratibu kwenye inchi ya tatu. Colt walipofufua Python mwaka 2020 walianza na mitutu ya inchi 4.25 na 6, kisha wakaongeza ya inchi 3: nzito kiasi cha kumeza teke, fupi kiasi cha kufunikwa na koti, na yenye kijiti kinacholitoa ganda lote.